Siku kumi na moja za kiangazi: Lindi, Tendaguru, Rondo na Newala kwa baiskeli na kwa miguu

Siku ya 1: Kutoka Lindi

Tulitoka Lindi saa kumi na moja na nusu alfajiri, taa za mashua bado zikionekana upande wa Kitunda. Mimi, binamu yangu, baiskeli mbili za gia, na maji lita 14. Naanza na maji kwa sababu safari nzima niliipanga kwa maji. Mwezi wa tisa huku kusini ni ukingoni mwa kiangazi. Mvua ya maana ilikata mwezi wa tano, majani yameungua, vijito vya msimu vimebaki mchanga mtupu wenye nyayo za ngedere. Ukiniuliza kutoka kijiji hiki hadi kile ni mbali kiasi gani, kwa msimu huu nitakutajia lita kabla ya kilomita.

Hesabu yangu ilikuwa lita 6 kwa mtu kwa siku, na lita moja moja ya akiba isiyoguswa. Binamu ni fundi baiskeli pale Mingoyo, na yeye ndiye aliyefunga madumu. Aliyashusha chini, pande mbili za gurudumu la nyuma, akayabana kwa mipira ya tyubu kuukuu. Mzigo ukikaa juu ya keria, baiskeli inayumba kwenye mchanga na inakuchosha mikono kabla ya miguu.

Lami ya barabara ya Kilwa haina la kusimulia. Kusi ilitusukuma mgongoni, Mchinga tukanywa chai kwa mihogo ya kuchemsha, mbele yake tukaacha lami na kushika njia ya udongo kuelekea magharibi. Huko mchanga ni mwekundu, mwororo, na unameza tairi mpaka karibu na rimu. Dawa yake ni kupunguza upepo mpaka tairi libonyee ukiliminya kwa dole gumba, kushika gia nyepesi, kutokata usukani ghafla, na kutoacha kukanyaga. Ukisimama umezama, na kuanza tena kunakula nguvu kuliko kupanda mlima.

Saa nne tukapata pancha ya kwanza, mwiba wa mgunga. Maisha yangu yote nimeona mafundi wakizamisha tyubu kwenye karai la maji na kutafuta mapovu, kwa hiyo nikaanza kufungua dumu. Binamu akanishika mkono.

"Hayo ni ya kunywa, kaka."

Akaijaza tyubu upepo, akaipitisha chini ya midomo yake taratibu, kidogo kidogo, macho ameyafumba. Ngozi ya midomo, alinieleza baadaye, inasikia upepo ambao kidole hakiusikii. Karibu na mshono wa tyubu akasimama. Akatia tone la mate, mate yakatoa povu dogo kama jicho la samaki. Akakwangua kwa msasa, akapaka solusheni, akaiacha ikauke huku akihesabu hadi mia, ndipo akabandika kiraka. Kisha akapapasa ndani ya tairi zima kutafuta ncha ya mwiba iliyobaki. Hilo wengi hulisahau, wakaziba tyubu moja mara tatu kwa mwiba uleule.

Tulifika kijijini jua linazama. Tukaripoti kwa mtendaji, naye akatupeleka kwa mzee mmoja anayekijua kilima cha Tendaguru. Shikamoo, marahaba, na sahani ya ugali wa muhogo kwa mbaazi. Akiba yetu ya lita mbili ilikuwa bado nzima.

Siku ya 2: Tendaguru

Mzee alituamsha kabla ya adhana ya alfajiri. Baiskeli tuliziacha uani kwake, maana vichaka vya kule ni vya miguu tu. Alitangulia na panga na fimbo, akitembea mwendo ambao mimi, niliye mdogo kwake kwa miaka zaidi ya thelathini, nilihangaika kuufuata.

Anayekuja Tendaguru kutafuta kilele cha kupigia picha atarudi na huzuni. Ni kilima cha wastani katikati ya msitu wa miombo na vichaka. Jina lake, husemwa, kwa Kimwera ni kilima chenye mteremko mkali, na mteremko upo, lakini hauchukui muda. Hazina yake iko chini ya miguu. Miaka milioni 150 hivi iliyopita hapa palikuwa pwani. Bahari ilipanda na kurudi, ikapanda na kurudi, kwa hiyo ardhini kuna tabaka za mifupa ya mijusi mikubwa ya kale, dinosaria, na kati yake tabaka zenye makombe ya baharini. Nilisimama pale na chupa yangu nikiihesabu kwa mafunda, kwenye mahali palipowahi kuwa ufukwe.

Mwaka 1906 mhandisi wa madini, Mjerumani Bernhard Sattler, aliiona mifupa mikubwa imechomoza njiani. Mwaka uliofuata akaja mtaalamu Eberhard Fraas, na kati ya 1909 na 1913 makumbusho ya Berlin ikaleta msafara mkubwa chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Nilikuwa nikimsomea mzee haya kutoka kwenye daftari langu. Nilipofika kwenye neno "aligundua" akanikatisha.

"Mjukuu wangu, ulimwona wapi mgeni akagundua kitu porini bila kuonyeshwa na mwenyeji?"

Sikuwa na jibu. Kalamu ikabaki mkononi.

Wachimbaji walikuwa watu wa huku, na katika kilele cha kazi walifikia kama 500. Ikumbukwe miaka ile ni miaka gani: Vita vya Maji Maji ndiyo kwanza vimezimwa, mashamba yamechomwa, njaa imepita nyumba kwa nyumba. Watu walikuja na wake na watoto, wakajenga vibanda kuzunguka kilima. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye mikono yake ilijua kuutoa mfupa ardhini bila kuuvunja. Mwaka 2007 wataalamu walimpa mmoja wa mijusi ya Tendaguru jina la *Australodocus bohetii* kwa heshima yake. Ilichukua karibu miaka mia moja, lakini jina limeandikwa.

Barabara haikuwepo, na wanyama wa mizigo wasingedumu kwa mbung'o. Mifupa ikavikwa plasta, ikafungwa kwenye mianzi, ikabebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne hivi. Mfupa mkubwa ulining'inizwa kwenye mti na kubebwa na watu kadhaa. Zaidi ya tani 200 zilisafiri hivyo. Ule mjusi mrefu uliosimamishwa Berlin mwaka 1937, wenye kimo cha mita 13.27, ulipita vichwani mwa watu kwenye njia ambayo jana mimi niliilalamikia nikiwa na gia 21.

"Babu yangu alibeba," mzee alisema. "Alisema mzigo haukumsumbua kama kiu. Mzigo unautua. Kiu unalala nayo."

Akatuonyesha mashimo ya zamani, sasa ni mabonde madogo yaliyoota miti minene kama paja. Kwenye korongo moja akainama akaokota kipande cha ukubwa wa ngumi, rangi ya kijivu chenye wekundu, upande mmoja umejaa vitundu vidogo kama mkate. "Kiguse kwa ncha ya ulimi." Nikakigusa. Kikanata. Akanipa jiwe la kawaida la rangi ileile, halikunata. Mfupa, hata ukiwa umegeuka jiwe, vile vitundu vyake hunyonya unyevu wa ulimi. Akakirudisha pale pale alipokitoa, akakigeuza kikakaa kama kilivyokuwa. Kuchukua hata kipande kidogo ni kosa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, lakini yeye hakutaja sheria. Alisema kitu cha hapa kikae hapa, vilivyoondoka vinatosha.

Nafundisha jiografia. Wanafunzi wangu wanaijua Olduvai kwa moyo, na wengi wao hawajawahi kusikia kuwa mifupa hii ilitoka kilomita 60 kutoka dawati wanalokalia. Naandika hili nikiwa na uchungu wa kweli. Kilima hiki kinahitaji kibao, njia iliyosafishwa, na orodha ya majina ya wachukuzi walau yale yanayokumbukwa na familia zao, kabla wazee kama huyu hawajaondoka nayo.

Siku ya 3: Kurudi pwani

Nilitaka kutembea walau sehemu ya njia yao. Tulizikokota baiskeli kilomita 15 za kwanza, kisha tukapanda. Saa saba mchana tulikuwa tumelala chini ya mwembe, kimya, tukisubiri jua lipunguze. Lindi tuliingia usiku. Pweza wa kuchoma, maji ya kuoga ndoo mbili kila mtu, na usingizi.

Siku ya 4: Lindi hadi Mtama

Kama kilomita 60 za lami. Pale Mingoyo shangazi, mama yake binamu, alitusimamisha kwa nguvu na kutulisha ming'oko. Kwa asiyeijua: ni mizizi ya porini, inachimbwa kiangazi kama hiki, inachemshwa na chumvi, na ukiila asubuhi hutafuti chakula mpaka alasiri. Alitufungia mingine kwenye gazeti. Nilipomwambia ni mingi alinitazama kwa namna iliyonifanya niipokee kwa mikono miwili.

Siku ya 5: Kupanda Rondo

Kutoka Mtama njia inageuka kaskazini na kuanza kupanda. Ni mpando wa kweli. Udongo mwekundu, mifereji iliyochimbwa na mvua za masika imekauka ikawa migumu kama saruji, na mawe madogo yanayoteleza chini ya gurudumu la nyuma ukisimama kwenye pedali. Kaa kwenye kiti, uzito urudi nyuma, ndipo tairi litakamata. Mara tatu tulishuka tukasukuma.

Juu hali ya hewa inabadilika ghafla. Uwanda wa Rondo unapokea ukungu kutoka baharini, na msitu wake wa asili una mivule mikubwa ambayo kivuli chake ni baridi ya kweli. Tulitoka kwenye nchi ya rangi ya kahawia tukaingia kwenye kijani ndani ya saa mbili. Baiskeli tuliziacha kijijini, tukaripoti, tukapata kijana wa kutuongoza kwa miguu.

Usiku alitupeleka ukingoni mwa msitu kumsikiliza komba wa Rondo. Ni mdogo mno, uzito wake gramu 60 hivi, sawa na yai la kuku, na mkia wake una manyoya yaliyotimka kama brashi ya kusafishia chupa. Wataalamu walimtambua rasmi kama aina ya peke yake miaka ya 1990, naye anaishi kwenye vipande vichache tu vya misitu ya pwani ya Tanzania, hiki kikiwa kimojawapo. Tulikaa kimya karibu saa nzima. Ndipo sauti ikaja, mlio mfupi unaojirudia, na tochi ikakamata macho mawili ya rangi ya chungwa juu ya mzabibu mwitu. Hayakukaa hata sekunde tano. Kipande cha msitu kikikatwa, huyu hana pa kuhamia. Hatembei kilomita kumi kwenye mashamba kutafuta kingine. Kijana alisema hivyo hivyo kwa maneno yake: "Huyu bila mti hajui kushuka."

Siku ya 6: Breki, na maji ya Ndanda

Kushuka Rondo kulikaribia kuniumiza. Kabla ya safari nilinunua raba mpya za breki kwenye duka moja mjini, nikaambiwa ni ngumu. Nusu ya mteremko zilikuwa zimekwisha, chuma kinakwangua rimu, na mimi naenda. Nilitupa mguu chini, nikaelekeza baiskeli kwenye ukingo wa nyasi, nikaanguka kwa ubavu. Goti lilichubuka tu. Dumu moja la maji lilipasuka, na hilo ndilo lililoniuma.

Binamu alivua katambuga yake moja, akaitazama, akachomoa kisu. Kwenye kisigino cha tairi la gari akakata vipande vinne, akavichonga kwa dakika arobaini mpaka vikakaa kwenye vishikio vya breki. Vilinisimamisha kutoka pale hadi mwisho wa safari. Yeye aliendesha siku zilizobaki na kisigino kimoja kifupi.

Jioni, Ndanda. Mtu akitaka kuielewa Makonde aanzie hapa chini. Juu ya mji umesimama ukuta wa uwanda wa Makonde, na juu huko hakuna mto wala kijito. Sababu ni mchanga. Mvua inanyesha vizuri tu, lakini udongo wa juu unapitisha maji kama chekecheke. Yanazama, yanateremka ndani kwa ndani, mpaka yanakutana na tabaka isiyopitisha, ndipo yanatoka pembeni, miguuni mwa uwanda. Ndanda imekaa kwenye mdomo wa chemchemi hizo. Wamisionari Wabenediktini walioweka kituo chao hapa mwaka 1906 walijua wanachokichagua.

Tulipanda kwa miguu kufuata kijito, kivuli juu, maji baridi vifundoni. Nilikunywa, nikajaza kila chombo, nikajimwagia. Binamu alikaa ndani ya maji na nguo zake zote.

Siku ya 7: Ndanda hadi Masasi

Kama kilomita 40, lami, jua. Harufu ya salfa kila tulipopita mikorosho. Wakulima walikuwa kwenye raundi za mwisho za kupulizia dawa ya ubwiriunga, na mashine zao zikaacha vumbi la njano juu ya maua. Majabali ya Masasi yanaonekana kutoka mbali, yametoka ardhini peke yake, nchi tambarare kuyazunguka.

Siku ya 8: Jabali, halafu kosa langu

Tulipanda jabali upande wa Mtandi alfajiri. Hapo miguu na mikono vyote vinafanya kazi. Mwamba ni mkavu, unakamata soli vizuri, lakini epuka mabaka meusi, ni kuvu iliyokauka na inavunjika chini ya mguu. Pimbi walituangalia wakiwa wamejipanga kwenye ufa. Jua lilipotoka majabali mengine yakawa na vivuli virefu hadi mashambani, na chini yetu lilikuwa kanisa kuu la Waanglikana. Askofu Edward Steere alifika hapa mwaka 1876 na kundi la watumwa waliokombolewa kutoka Zanzibar. Walikuwa safarini kuelekea Ziwa Nyasa, wakachoka, wakaona maji na ardhi, wakakaa. Wengine wao walikuwa wametekwa utotoni kutoka nchi hizi hizi, na ndiyo walikuwa wakirudi nyumbani.

Uzuri wa pale juu ulinisahaulisha saa. Tulianza kilomita 70 za kwenda Newala saa nne asubuhi, badala ya saa kumi na mbili. Kosa hilo ni langu. Binamu alisema tulale Masasi siku moja zaidi, mimi nikasema tutafika.

Mchana joto lilikuwa linatoka chini na juu. Tulipoanza kupanda uwanda niliacha kutoka jasho, nikaona baridi, misuli ya mapaja ikakaza kama kamba. Najua sasa kwamba mtu anayeacha kutoka jasho juani yuko hatarini, asingoje hata dakika. Binamu alinilaza chini ya mkorosho, akanifungua vifungo, akalowesha shuka kwa maji akanifunika kifuani na shingoni. Kwenye lita moja akatia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, akaninywesha kidogo kidogo, huku amenizuia kugugumia. Tulikaa hapo hadi saa kumi na moja jioni.

Akina mama wawili waliokuwa wakitoka shambani walisimama. Mmoja akaweka ndoo yake chini, akanichotea kikombe bila kuuliza ninatoka wapi. "Kunywa, mwanangu. Njomba, ndugu yako huyu, amekufanyia vyema." Nilijua mahali nilipo. Nilijua kikombe kile kimetoka wapi na kimepanda vipi.

Newala tuliingia usiku tukisukuma. Asubuhi yake tairi langu la nyuma lilikuwa limelala.

Siku ya 9: Njia ya maji

Newala iko juu, mita 700 na ushei, na ukingoni mwake ni Shimo la Mungu. Unatembea mjini kwenye ardhi tambarare, nyumba, mikorosho, halafu ardhi inaisha. Chini ni bonde lote hadi Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji, bluu hafifu. Upepo unapanda ule ukuta na kukupiga usoni. Wengi hufika, hupiga picha, huondoka. Naomba atakayekuja asiondoke, ashuke.

Bibi wa nyumba tuliyofikia alituonyesha njia. Kwa nini watu walikaa juu ambako hakuna maji? Kwa sababu chini kulikuwa na wakamata watumwa na vita vya Wangoni, na juu kulikuwa na vichaka vizito ambavyo adui hakuweza kuvipenya. Usalama ulikuwa huku, maji kule, na kilichoviunganisha ni vichwa vya wanawake. Mabomba yalianza kupandishwa na mradi wa maji wa Makonde miaka ya 1950, na siku hizi mji una maji ya bomba kwa zamu, lakini bibi anakumbuka.

"Tulitoka jogoo la kwanza. Kurudi, jua limesimama. Debe moja, na hilo ndilo la kupika, la kunywa, la kumwogesha mtoto. Mvua ikinyesha hulali. Unakinga kila chombo, hata kifuniko."

Tulishuka na dumu la lita 10 kila mmoja. Njia ni nyembamba, inakata ukuta kwa kona, mizizi imegeuka ngazi kwa kukanyagwa. Kushuka tulitumia kama saa moja, magoti yakitetemeka. Chini kuna kijito na vishimo vya mchangani, maji masafi, baridi. Tulijaza.

Nilianza kwa kubeba mkononi. Hatua mia, nikabadilisha mkono. Nikaweka begani, bega likauma, na uzito ukanivuta upande wa korongo. Msichana wa miaka kumi na nne hivi, aliyekuwa akipanda na ndoo kubwa kuliko dumu langu, alisimama akanitazama. "Weka ngata, mwalimu." Sijui alijuaje. Akachukua kitambaa changu cha jasho, akakisokota duara, akanikalishia utosini, akaniwekea dumu juu. Shingo iliponyooka mzigo ukawa mwingine kabisa. Ukitazama miguu unayumba, ukitazama mbele unatembea. Nilipanda hivyo, napumzika kila kona, saa mbili na dakika. Kilo kumi. Debe ni karibu mara mbili ya hapo, na wachukuzi wa Tendaguru walibeba kama kilo 30 kwa siku nne.

Bibi alipokea madumu yetu akayamimina kwenye mtungi, taratibu, mdomo wa dumu umegusa mdomo wa mtungi, tone lisimwagike. Kisha akamwona binamu akiishughulikia tyubu yangu. Midomo haikusaidia, tundu lilikuwa dogo mno, na ule upepo wa ukingoni ulikuwa ukivuma bila kupumzika. Bibi akamletea karai, akainamisha mtungi.

"Hapana, bibi," binamu alisema akisimama. "Siwezi kuchovya mpira mchafu kwenye maji haya. Nitakuwa najaza upepo."

Bibi alisisitiza. Binamu alikataa mara tatu, kwa adabu, mikono nyuma.

Siku ya 10 na ya 11: Tandahimba, Nanyamba, Mtwara, Mikindani

Kama kilomita 140 kutoka Newala hadi Mtwara, sehemu kubwa juu ya uwanda, mikorosho pande zote mbili mpaka macho yanachoka. Kila saa tulisimama kujaza upepo, pampu zamu kwa zamu. Mabibo ya kwanza yalikuwa yameanza kuiva, mekundu na ya njano. Tulipewa, tukafyonza maji yake, ukakasi ukabaki kooni. Tulilala Tandahimba. Baada ya Nanyamba harufu ya bahari ilitufikia kabla hatujaiona.

Mtwara hatukukaa. Tuliongeza kilomita 10 hadi Mikindani, mji wa mawe na minazi kwenye ghuba tulivu, boma la Wajerumani la mwaka 1895 juu ya kilima. Njia za kupanda nyuma ya boma ni fupi na nzuri kwa baiskeli jioni, nami ningezipa siku nzima kama miguu ingekubali.

Fundi mmoja karibu na soko alitukaribisha kwenye kivuli chake. Binamu aliomba karai. Fundi akafungua bomba, maji yakajaa hadi ukingoni, mengine yakamwagika mchangani na hakuna aliyeyatazama ila sisi wawili. Binamu akajaza tyubu upepo, akaizamisha, akaizungusha polepole kwa vidole vya mikono miwili. Zunguko la kwanza halikutoa kitu. La pili, kwenye shina la valvu, povu moja likatoka, dogo kama kichwa cha pini. Likapanda, likapasuka. Akangoja, tyubu bado iko majini. Likatoka la pili.

"Huyu hapa," alisema.